Pikapu Iliyobeba Kila Mtu

Ukiwauliza NTSA gari ni nini hasa, jibu lao halina kona: gari ni namba ya chasisi. Rangi ikibadilika, unajaza fomu. Injini ikibadilika, gari linakaguliwa na unajaza fomu nyingine. Mwenyewe akifariki, linahamia kwa warithi, fomu zaidi. Lakini zile herufi na tarakimu zilizogongwa kwenye chuma ndizo gari lenyewe. Zikichezewa, jiandae kulala seli. Zikiwa sawa, basi hata kama kilichobaki ni ganda lenye kutu na kuku wanatagia kwenye siti, kwa macho ya serikali gari bado lipo.

Napenda jibu hilo kwa sababu linafunga haraka mjadala ambao wanafalsafa wameusukuma kwa karne nyingi kama gari lisilo na betri. Plutarch aliandika kuhusu merikebu ya Theseus, ambayo watu wa Athens waliitunza kwa kung'oa kila ubao uliooza na kuweka mpya, mpaka wenye fikra wakaanza kubishana: hii ni merikebu ile ile au ni nyingine? Karne ya 17, Thomas Hobbes akaongeza pilipili. Akasema, tuseme kuna mtu aliyekuwa akiziokota zile mbao kuukuu na kuziunga upya kwa mpangilio ule ule. Sasa merikebu ni mbili. Ya Theseus ni ipi?

Angefika Grogan, Hobbes angekuta swali lake limetandazwa juu ya turubai, linauzwa kwa kupatana. Mlango wa gari hili, boneti ya lile, gia boksi ya lingine ambalo mwenyewe pengine analitafuta hadi leo. Kuna magari Nairobi ambayo ni ndugu wa damu na hayajuani.

Lakini kwa mtu anayekarabati gari la zamani, jibu la logibuku halitoshi. Linakuambia gari ni lipi. Halikuambii ulirudishe liwe nini, wala kwa ajili ya nani. Hayo mawili ndiyo yamenishughulisha karibu kila Jumamosi tangu 2023, nikiwa kwenye gereji moja Kariobangi Light Industries, ndani ya ovaroli isiyonitosha, nikipiga msasa pikapu ya marehemu baba yangu.

Ni Peugeot 504, ile ambayo kizazi cha wazazi wetu kiliita Pijo na mambo yakaishia hapo. Gia iko kwenye usukani. Namba yake ni ya zamani, ya kabla ya KAA. Kama ulikulia Kenya kabla ya Probox kutwaa barabara, unaijua, au umewahi kubebwa nayo. Peugeot 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, lakini jina lake lilijengwa huku. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975, ikashinda tena 1978, kwenye matope na vumbi letu wenyewe, na kabla yake ndugu yake mkubwa, 404, alikuwa ameshinda mara nne katika miaka ya sitini. Gari lililopita mtihani ule halikuhitaji tangazo lingine. Na 504 nyingi za Kenya hazikuja zikiwa kamili. Ziliunganishwa Mombasa, na mikono ya watu wa Mombasa. Yetu ni mojawapo.

Baba aliinunua mwaka 1993, mitumba, kwa mkopo wa sacco. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Wundanyi, Taita, na mshahara wa mwalimu si unaujua. Pikapu ndiyo ilikuwa mguu wa pili wa nyumba. Jioni inapakiwa kabichi, pilipili hoho na nyanya. Usiku inateremka zile kona hadi Mwatate, inatoka Voi, inakula kilomita 150 hivi za barabara kuu, na alfajiri iko Kongowea. Hiyo ndiyo kazi iliyolipa. Kazi isiyolipa ilikuwa nyingi zaidi. Mgonjwa wa usiku wa kupelekwa hospitali Voi. Maiti ya kutolewa mochari. Masanduku ya wanafunzi shule zikifunguliwa. Viti vya kanisa. Saruji ya mjomba. Bibi harusi, mara mbili, na mara ya pili turubai lilikuwa bado linanuka vitunguu.

Baba alifariki 2017. Pikapu ikakaa miaka sita chini ya mparachichi, kisha nikaipakia kwenye lori na kuileta Nairobi.

Swali ambalo marafiki huanza nalo ni moja: inalipa? Katika mji huu, muda wa ziada ni neno la kutiliwa shaka. Ukijua kuoka keki, uza keki. Ukipenda kukimbia, fungua chaneli ufundishe watu kukimbia. Kitu kinachomeza Jumamosi zako bila kukupa risiti kinaonekana mchezo wa mtoto aliyepata mshahara. Swali hilo lina umbo zito zaidi, na hilo silichukulii kwa mzaha. Shilingi 14,500 nilizolipa kwa ajili ya redieta na pampu ya maji zingepunguza deni la karo la binamu yangu aliye chuo. Mtu mwenye ndugu wanaohitaji hana pesa ya ziada kabisa. Ana pesa ambayo bado haijaombwa.

Ila ukiangalia vizuri, swali hilo tayari limeamua jambo moja, kwamba pikapu ni kitu changu, cha kujifurahisha. Kama ni changu peke yangu, basi binamu yangu ana haki ya kuniuliza, na ninapaswa kumjibu. Kama si yangu peke yangu, hesabu inabadilika. Kwa hiyo hatuwezi kujua kama muda na pesa hizi zinatumika vizuri kabla ya kujua pikapu ni ya nani. Na hilo logibuku haiwezi kutusaidia, hata kama siku hizi ina jina langu.

Msasa una tabia ya kufichua. Juu kabisa kulikuwa na kijani, rangi aliyoipaka baba alipostaafu. Chini ya kijani kukatoka buluu, ile ya utoto wangu, ya miaka ya kabichi. Chini ya buluu, nyeupe ya kiwandani. Watu wanaopenda magari ya zamani wana kauli yao: rudisha gari katika hali yake ya awali. Sasa hapa awali ni ipi? Wale wenye msimamo mkali watasema nyeupe, bila shaka. Lakini wakati ikiwa nyeupe, pikapu hii haikuwa yetu. Ilikuwa ya mtu nisiyemjua, ikifanya kazi nisizozijua, pengine katika mji ambao sijawahi kufika. Nikiirudisha kwenye nyeupe nitakuwa nimeirudisha kwa mgeni.

Kwa hiyo kukarabati si kurudi mwanzo. Ni kuchagua mwanzo. Unashika miaka arobaini ya kitu, unasema: miaka hii ndiyo gari, hii mingine ni uchafu wa kusugua. Hakuna msasa usiopendelea upande.

Kambi ziko mbili, na ukikaa gereji wiki tatu utazijua. Kambi ya kwanza inataka kila skrubu iwe ya asili. Hawa ndio ndoto yao ni Concours d'Elegance pale uwanja wa mbio za farasi Ngong Road, majaji wakiinama kuchungulia chini ya gari na tochi, bila kukuta tone la oili. Kambi ya pili ni ya kipya kinyemi. Weka rimu za aloi, siti za ngozi, taa zinazomulika hadi kesho, spika za kuamsha mtaa. Gari linabaki na sura ya babu lakini linatembea na wajukuu.

Ugomvi wao mkubwa huwa juu ya injini. Dizeli ya Peugeot iliyokuwa kwenye yetu ni ya sentimita za ujazo 2,304. Ni injini mvumilivu, lakini nozeli na pampu yake sasa ni za kutafutwa kwa maombi. Fundi wangu alipendekeza tuweke Toyota 3L, ya 2,779, ambayo spea zake utazikuta popote penye duka la spea na soda. Rafiki yangu wa kambi ya kwanza alisikia hayo akashika kichwa. "Ukiweka Toyota, hiyo si Pijo tena, bana. Ni Toyota imevaa kofia."

Tulibishana hadi chai ikapoa. Nikaona ni wakati wa kumweleza fundi kuhusu Theseus, mbao kuukuu, mbao mpya na Hobbes. Alisikiliza hadi mwisho huku akifuta mikono na kitambaa. Kisha akauliza: "Na hiyo meli ilikuwa inabeba nini?"

Naona swali lake linawashinda wanafalsafa wote wawili. Wao walikuwa wakitazama chombo kikiwa kimeegeshwa. Yeye alikiuliza kikiwa safarini. Kwa Athens ya Plutarch, merikebu ilikuwa imeacha kubeba watu na kuwa kumbukumbu, kwa hiyo kilichobaki cha kubishania kilikuwa mbao tu. Kitu kilichostaafu hakina cha kujitambulisha nacho ila mwili wake. Kitu kinachofanya kazi kina utambulisho mwingine, nao hauko ndani ya chuma chake. Uko kati yake na watu.

Kwetu Taita, wazee wa zamani walikuwa na jibu lao juu ya nini cha kutunza kwa aliyeondoka. Mtu alizikwa, kisha baada ya muda fuvu lake likafukuliwa na kupelekwa kwenye pango la ukoo, likawekwa pamoja na mafuvu ya waliotangulia. Mapango hayo bado yapo milimani, ingawa desturi yenyewe ilikoma Ukristo ulipoenea. Mgeni akiyaona husisimka na kupiga picha. Lakini mafuvu hayakuwekwa pale kwa ajili ya kutazamwa. Watu waliyaendea walipokuwa na shida, mvua ikikataa, ugonjwa ukizidi. Hawakutunza mwili mzima. Walitunza sehemu ambayo waliamini bado ina kazi na walio hai.

Kwa kipimo hicho, kambi ya skrubu za asili ndiyo inayobadilisha gari zaidi. Chukua pikapu iliyoteremsha wagonjwa usiku, ing'arishe hadi uone meno yako kwenye boneti, uifunike kwa shuka, uitoe mara moja kwa mwaka kwa ajili ya majaji. Kila skrubu ni ya Ufaransa, sawa. Lakini ni chombo kipya kabisa. Ukiweka Toyota 3L ndani ya lile lile ganda, kisha ukaipakia kabichi, umebadilisha moyo na gari limebaki lile lile. Mtu wa Wundanyi akiliona linapanda zile kona hatauliza injini ni ya nani. Atainua mkono lisimame.

Hoja hii ni tamu, na ningeweza kuishia hapa. Nilienda nayo nyumbani Pasaka, nikamweleza mama, aliyekuwa ameketi nje akichambua maharagwe. Nikamwambia nataka pikapu irudi kazini, iwe kama enzi za mzee, ibebe kila mtu.

"Kweli lilibeba kila mtu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kila mtu isipokuwa mimi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja bei ya sukari. Kisha akaendelea, mkono haujaacha ungo. Siku zake za kliniki ya presha, gari lilikuwa Voi na mgonjwa wa watu, kwa hiyo alishuka kwa miguu hadi stejini. Dizeli ya safari za bure ilikopwa, na mwisho wa mwezi deni lilitolewa kwenye pesa ya mboga zake yeye. Usiku mtu akigonga mlango, baba aliamka akapata sifa, naye aliamka akapasha maji na uji. Na mlango wa upande wa abiria, kile kitasa cha ndani kilivunjika, hakikuwahi kutengenezwa. Miaka kumi na moja. "Tukifika mahali nakaa tu mle ndani," akasema, "nangoja mtu aje anifungulie. Kama mzigo."

Hapo ndipo ile hoja ya kwamba gari ni kazi yake inapofika kwenye mlima na gia haziingii. Ni kweli pikapu ilikuwa kile ilichokuwa kwa sababu ya watu iliowabeba. Lakini ukarimu ule uliokuwa ukisifiwa kwenye matanga, kuna mtu aliyekuwa akiulipia, na mtu huyo hakuulizwa. Kuirudisha kazini kama enzi za mzee, bila kubadilisha kitu, ni kumrudisha mama pale pale alipokuwa.

Na hili si la familia yetu tu. Wewe unayesoma haya kwenye simu ndani ya matatu huenda huna pikapu, lakini umerithi kitu. Labda ni nafasi ya kifungua mimba aliyepata kazi Nairobi. Labda ni sofa yako ambayo kila binamu anayekuja kutafuta kazi lazima alalie. Labda ni namba yako ya simu, ambayo ukoo mzima unaijua kwa moyo ifikapo tarehe thelathini. Hiyo nayo ni gari la mzee. Lilibeba watu kabla yako, wewe mwenyewe ulibebwa nalo, na sasa ufunguo uko mkononi mwako.

Kwa kawaida tunapewa njia mbili. Ya kwanza ni kulibeba kama lilivyo. Mwacha mila ni mtumwa, wazee wamesema, kwa hiyo lipa, nyamaza, zeeka. Ya pili ni ile ya watu wanaojiita wamejitambua: zima simu, blokisha namba, chunga amani yako. Njia ya kwanza inafanya kama ile kambi ya asili, haitaki skrubu iguswe. Ya pili inauza gari kwa mnunuzi wa vyuma chakavu halafu inashangaa kwa nini hakuna mtu wa kubeba jeneza siku ya siku.

Gereji inajua njia ya tatu. Fundi akipokea gari la zamani hamuulizi mwenyewe kama analipenda. Analivua. Anagonga kila sehemu kwa nyundo ndogo asikilize ni wapi chuma bado ni kizima na ni wapi ni kutu iliyopakwa rangi. Kilicho kizima kinabaki, hata kama ni kibaya kwa sura. Kilichooza kinakatwa, hata kama ni kizuri. Na kuna vitu ambavyo havina mjadala. Hakuna fundi mwenye akili atakayekuambia breki mbovu ziachwe kwa sababu marehemu alizizoea.

Nafikiri breki ndizo tunazikosa kwenye wajibu tuliourithi. Wazazi wetu walijenga undugu wenye nguvu ya ajabu ya kuvuta, unapanda mlima wowote, lakini hawakuuwekea njia ya kusimama. Kukataa kulikuwa aibu, kwa hiyo mtu alikubali kila kitu na gharama ikasukumwa nyuma ya nyumba, kwa mke, kwa binti mkubwa, kwa mtoto aliyekosa daftari. Gari lisilo na breki linaweza kukufikisha. Limewafikisha wengi. Lakini usiliite jema kwa sababu hiyo tu.

Kwa hiyo tukakaa kama familia, wengine kwenye simu, tukaandika mambo matatu. Siku ya kliniki ya mama, gari ni lake, hata kama anayeomba ni chifu. Anayeita gari kwa shughuli yake anaweka dizeli, isipokuwa mgonjwa na msiba, ambavyo vitalipiwa na faida ya safari za Kongowea. Na hakuna binadamu atakayekaa juu ya mizigo tena. Wanaoingia ni wale mikanda inayowatosha.

Baba mdogo hakufurahi. "Sasa mmeweka mita kwenye undugu," akasema.

Ni shutuma nzito, na ana sababu. Watu waliobebwa na pikapu ile hawakuwa wezi. Walilima shamba la baba alipougua. Walileta kuku, walileta mikungu ya ndizi, na alipofariki walijaa uwanjani hadi njia ikaziba. Huo ulikuwa mzunguko, na mzunguko wa namna hiyo una uzuri ambao risiti haina. Mtu akikubeba bila kuhesabu, nawe unajifunza kubeba bila kuhesabu. Ukianza kuandika nani ameweka lita ngapi, unaweza kuua kitu ambacho pesa haiwezi kukirudisha. Hofu hiyo ninayo mimi pia, sijaitupa.

Lakini mita ilikuwepo tangu zamani. Ilikuwa inasomwa jikoni kwa mama. Tulichofanya ni kuitoa pale na kuiweka mahali ambapo kila mtu anaiona. Kama undugu wetu unaweza kuishi tu pale gharama zake zinapofichwa kwa mtu mmoja asiyeweza kusema, basi hiyo ni rangi juu ya kutu. Na kama ni chuma kizima, utastahimili nyundo ndogo.

Naona pia kwamba hili linajibu lile swali la binamu yangu na karo yake. Pikapu si mchezo wangu, wala si sadaka yangu. Ni chombo cha watu wengi ambacho kwa sasa kinapitia mikononi mwangu, na kila mmoja wao, yeye akiwemo, ana haki ya kuuliza kinarudi lini na kikiwa na hali gani. Anachoweza kunidai ni hicho. Hawezi kunidai niwe baba yangu. Na mimi siwezi kuwadai wao waniache peke yangu na Jumamosi zangu kana kwamba sikuwahi kupanda nyuma ya turubai lile kwenda shule, na sanduku langu kati ya kabichi.

Kazi iliyobaki bado ni ndefu. Toyota 3L imeingia na taarifa zake zinabadilishwa kwenye logibuku. Breki ni mpya pande zote nne. Mikanda ya siti imefungwa. Turubai linashonwa. Rangi bado tunabishana, ingawa buluu inaongoza, na mama amesema yeye hajali, mradi ioshwe. Rimu za aloi nimeziacha dukani. Zilikuwa nzuri, sitadanganya, lakini hazingemsaidia yeyote anayebebwa.

Kitasa cha ndani cha mlango wa abiria kiligharimu shilingi 600, Grogan, na nusu saa ya kukifunga. Fundi alikuwa amekiandika mwisho kabisa kwenye orodha, kwa sababu hakizuii gari kutembea. Tulikifunga kwanza, kabla ya injini.